“DJ, nichomeke wapi?”: Mashine za kuanzia harusi kwa mfuko mdogo

Send-off yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa Nkuhungu, hapa Dodoma, uani kwa kina bibi harusi, turubai mbili na viti vya plastiki. Mashine yangu ya kuchanganyia nyimbo ilikuwa mpya, nimeitolea laki tatu na nusu, hata ile nailoni ya juu sijaibandua. MC akaja na maiki mkononi, waya kauzungusha kwenye kiwiko, akaniuliza kwa upole kabisa: “DJ, nichomeke wapi?”

Nikaigeuza mashine nyuma. Nikaigeuza mbele. Nikaiinua nikaangalia tumboni. Pa kuchomeka hedifoni papo, pa kutolea sauti papo, pa maiki hapana. MC akawahutubia watu mia mbili kwa koo tupu, upepo wa Julai unapiga turubai, na shangazi mmoja meza ya wazee anauliza kila baada ya sentensi: “Kasemaje?” Mwenyekiti wa kamati alinilipa nusu. Sikubishana naye.

Ndiyo maana wadogo zangu wanaponiuliza, “Dada, nina milioni moja na nusu, ninunue mashine gani?”, mimi naanzia kwenye tundu la maiki. Ukubwa wa jogi (yale magurudumu ya DJ kuzungusha), idadi ya pedi (vile vibonyezo vya mraba), taa zinazowakawaka, hayo waulizeni wengine. Sherehe zetu ni maneno. Hesabu wanaoshika maiki kwenye harusi moja: MC, mchungaji au shekhe wa kuombea chakula, mshenga, mwenyekiti wa kamati, baba wa huku, baba wa kule, mjomba anayetambulisha ukoo mtu mmoja mmoja mpaka waliobaki Mpwapwa kuangalia mifugo. Muziki wa watu kucheza kwa raha zao unakuja mwishoni, ukumbi umeshabakiza saa moja na nusu kufungwa. DJ ambaye nyimbo zake ni kali lakini maiki inakoroma haitwi tena.

Sasa orodha yangu.

Namba moja ni Yamaha MG10XU, pamoja na laptopu uliyonayo. Najua mtasema hiyo si mashine ya DJ, hiyo ni miksa, ya kukusanya sauti za maiki na muziki pamoja. Sawasawa. Mimi ni mtu wa Yamaha na sioni aibu; miksa niliyojifunzia kanisani ilikuwa Yamaha, imepigwa vumbi na imemwagikiwa soda, Jumapili inayofuata inawaka. Hii MG10XU ina matundu manne ya maiki yenye XLR, ile plagi ya pini tatu. Manne! MC moja, ya kuzungushwa kwa wazee moja, ya kina mama wakianza muheme, ngoma ya Wagogo, moja, na moja ya akiba. Laptopu unaichomeka kwa waya wa hedifoni kwenye chaneli za pembeni, unafungua programu yenye deki mbili (wimbo mmoja huku, wa pili kule), unachanganya kwa mausi. Hajawahi kutokea mgeni akaacha pilau yake aje kuchungulia kama natumia jogi au mausi.

Kuna vitu viwili kwenye miksa hii ambavyo muuzaji hatakuambia, maana yeye anakusomea maandishi ya boksi. Cha kwanza ni kitufe kidogo kwenye chaneli ya maiki, kimeandikwa 80. Ukikibonyeza kinapunguza mngurumo mzito, ule wa chini ya hezi 80. Mtu wa Dodoma anajua ninachosema: sherehe ya nje, kiangazi, upepo unaingia kwenye maiki spika zinatoa “vuuu” kama lori linapanda mlima. Bonyeza 80, nusu ya tatizo imeisha. Cha pili ni kompresa, ya kuibana sauti inapopanda ghafla, kitufe kimoja tu cha kuzungusha, kwenye chaneli 1 na 2. Hapo ndipo pa kumchomeka MC. MC wetu huanza kwa kunong'ona “mabibi na mabwana”, halafu bi harusi anapoingia anapasuka. Na mama wa Kigogo akisogeza maiki mdomoni apige kigelegele, bila kompresa spika inalia na wewe unalia. Izungushe mpaka kabla kidogo ya katikati, pale mshale wa saa unapokuwa saa tano asubuhi, iache hapo. Mwangwi pia umo ndani ya miksa hii, na MC wanaupenda mwangwi kuliko malipo ya awali.

Ubaya wake nausema: kwa waya huo mmoja hutaweza kusikiliza wimbo unaofuata kwenye hedifoni kabla hujaurusha, kwa sababu sauti ya laptopu yote inatokea njia moja. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Unapanga nyimbo nyumbani, unazisikiliza mwanzo na mwisho wake, unaandika kwenye daftari. Inawezekana. Hela ikikubana kabisa, chukua MG06X: matundu ya maiki mawili, na mwangwi upo.

Namba mbili, Pioneer DDJ-FLX4, mashine ya DJ ya kuchomeka kwenye laptopu. Hii ndiyo kila mtu anayoitaka, na si mbaya. Ilitoka mwishoni mwa 2022 kuchukua nafasi ya DDJ-400, inatumia umeme wa laptopu kupitia waya wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika mashine haizimi katikati ya wimbo, hata kama spika zimenyamaza. Tundu la maiki inalo, na kitufe chake cha sauti. Lakini ni moja tu, la jeki nene kama ya gitaa, na halina vitufe vya kupunguza besi ya maiki. Nunua na waya wenye XLR upande mmoja na jeki upande wa pili siku hiyohiyo, usisubiri Jumamosi asubuhi uanze kuuzunguka mjini. Ukiweza baadaye, iunganishe na miksa ya namba moja. Hapo umekamilika, na hedifoni yako inafanya kazi.

Namba tatu ni DDJ-400 iliyotumika, ile ya 2018. Tundu la maiki lipo vilevile. Kagua fader, vile vitelezi vya sauti: zisogeze taratibu juu chini huku wimbo unapiga; ukisikia mikwaruzo, ni vumbi, na vumbi letu likishaingia humo halitoki kwa kupuliza.

Hizo nyingine ndogo za laki mbili tatu, zisizo na tundu la maiki, ni za kuchezea chumbani. Nimemaliza.

Spika usinunue mwaka wa kwanza, kodi. Ila ukikodi mziki mzima na fundi wake, ujue miksa ni yake na maiki ni zake, na akienda kula umebaki na MC anayekukodolea macho.

Kuhusu maiki yenyewe: Shure SM58 feki zimejaa. Ya kweli ina uzito wa gramu 298. Mimi ya kwanza niliipeleka kwenye mizani ya muuza dagaa soko la Majengo, ilikuwa nyepesi kupita kiasi, na yule mama akanicheka: “Mwanangu, hata dagaa wangu hawapunjwi hivi.”

Na sasa bei, jamani. FLX4 huko Marekani ni dola mia tatu na ushee. Kariakoo nimetajiwa milioni moja na laki moja, Dodoma milioni moja na laki nne, mashine ileile, boksi lilelile. Ukiuliza laki tatu za katikati ni za nini unaambiwa “usafiri”. Usafiri upi? Kifurushi cha kilo mbili na kidogo kinapakiwa kwenye basi jioni, asubuhi kiko stendi. Treni ya SGR tangu 2024 inatufikisha Dar na kuturudisha. Nikipanda mwenyewe kwenda na kurudi, nikala na chakula, bado inabaki chenji. Tangu serikali ihamie huku, tumepangiwa bei kama sote tunalipwa posho za kikao. Halafu ukitaka risiti ya EFD bei inapanda tena, eti VAT asilimia 18, kana kwamba ile ya kwanza waliyokutajia ilikuwa ya kindugu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza binti mmoja kutoka Kibaigwa kununua ya kwake. Kwenye mkoba nilikuwa na maiki yangu na waya. Nikamwomba kijana wa dukani atuwashie mashine nichomeke maiki, niongee maneno mawili tu. “Dada, mpaka ulipie kwanza,” akasema. Nikamuuliza basi tundu la maiki liko wapi. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaiinua akaangalia tumboni. “Hii ni ya kisasa,” akasema, “maiki yake ni ya Bluetooth.” Nikakunja waya wangu, tukaenda zetu kunywa chai.