Maji ya kusuuza bomba la dawa: mkaa au umeme?

Ukisuuza bomba la kupulizia dawa, yale maji meupe kama maziwa utayapeleka wapi? Kwenye mashamba ya maua ya Naivasha huwezi kuyamwaga tu, ziwa liko pale chini.

Mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi vidogo, hauna makuu. Unajaza pipa, unapitisha maji, atrazini, dawa ya kuua magugu, inanasa kwenye vitundu vyake. Ila sumu haijafa, imehama tu. Mkaa ukishashiba lazima urudishwe kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi au uteketezwe kama taka hatari, na hapo ndipo wengi hufumba macho. Glaifoseti nayo, dawa nyingine ya magugu, kwa kuwa hupenda maji, hupita bila kunaswa vizuri.

Umeme huvunja molekuli yenyewe. Elektrodi chanya ya almasi iliyotiwa boroni huzalisha radikali za haidroksili, chembe kali zinazoshambulia karibu kila kitu, kutoka kwenye maji, nazo huitafuna dawa hadi ibaki kabonidioksaidi, maji na chumvichumvi. Hata asidi ya sayanuriki, lile baki sugu la atrazini, huishia hapo. Lakini elektrodi hizo ni ghali, na maji yenye dawa kidogo mno hula umeme bure, maana molekuli chache ndizo hufika kwenye elektrodi. Yakiwa na kloridi nyingi, jihadhari: huzaliwa klorati na perklorati, chumvi zenye madhara, balaa jingine.

Mimi ningewasha umeme kwa ndoo chache za maji makali ya kusuuzia. Yale mengi yaliyo hafifu ningeyaachia mkaa.