Uzi wa soksi wa gramu 100: mimi naupima kwa kile kinachobaki

Donge lenyewe ni la gramu 100, mita 420. Sufu asilimia 75, nailoni asilimia 25, nyuzi nne zilizosokotwa pamoja. Rangi yake hujibadilisha yenyewe kadiri unavyofuma: buluu, kijivu, chungwa, kahawia, kisha buluu tena. Viwanda vingi hutoa uzi wenye vipimo hivi hivi, kwa hiyo ninayoyasema hapa yatamfaa hata mwenye lebo tofauti na yangu. Nimemaliza jozi moja ya soksi, nimeivaa, nimeifua mara nyingi, na masalio yameshatoka mikononi mwangu. Ndiyo maana naandika leo na sikuandika siku niliyolifungua donge.

Tuko wafumaji watano tunaopeana nyuzi na ruwaza, yaani maelekezo ya kufuma. Soksi nilizovaa sasa hivi zina vidole vya kijani vilivyotoka kwa mwenzangu mmoja, na kofia ya mtoto wake ina mstari wa zambarau uliotoka kwangu. Kwetu sisi uzi mzuri ni ule ambao hata gramu 20 zake zikimfikia mtu mwingine atajua azifanyie nini. Uzi unaopendeza mguuni lakini masalio yake yanageuka takataka, mimi siurudii.

Nianze na mkono. Ukiutoa kwenye donge, uzi huu unajisikia mkavu kidogo, na ukiwa umezoea sufu tupu utadhani umepata kitu cha bei rahisi. Usiuhukumu siku hiyo. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza unalainika na kujaa, na vijitundu kati ya mishono vinajifunga. Msokoto wake ni imara, ncha ya sindano haiupasui, na hili nalipenda sana kwa sababu nafuma jioni kwenye mwanga hafifu, nikitegemea vidole kuliko macho.

Lebo inasema sindano za milimita 2.5, mishono 30 na mistari 42 kwa kila sentimita 10. Nilifuma kipande cha majaribio, nikakilowesha, nikakitandaza kikauke, ndipo nikapima. Nilipata mishono 28. Mkono wangu hulegea, nalijua hilo, lakini tuone hiyo mishono miwili inafanya nini. Soksi yangu ina mishono 64 kuzunguka mguu. Kwa mishono 28 kwa sentimita 10, mzunguko unakuwa karibu sentimita 23, na mguu wangu una sentimita 23 kamili. Maana yake soksi haishiki popote, itateremka na kujikunja ndani ya kiatu. Nikahamia sindano za milimita 2.25, nikapata mishono 30, na mzunguko ukawa sentimita 21.3. Hapo soksi inavutika kidogo ikivaliwa na kukaa ilipowekwa. Anayelalamika kwamba uzi wa soksi "unalegea", kwanza nitamuuliza kama alifuma kipande cha majaribio.

Upande wa ndani wa lebo kuna ruwaza fupi, jedwali la ukubwa wa miguu na idadi ya mishono. Ni maelezo ya kutosha kwa aliyewahi kufuma soksi, lakini kwa anayeanza ni machache mno. Kisigino kimepewa sentensi tatu, na kisigino ndipo wengi wanapokata tamaa. Mimi kisigino nilikifuma kwa njia ninayoijua: kwenye mstari wa mbele unahamisha mshono mmoja bila kuufuma, unafuma unaofuata, unahamisha, unafuma, hadi mwisho wa mstari. Kwenye mstari wa kurudi unahamisha wa kwanza tu na kufuma yote iliyobaki kwa mshono wa nyuma. Ile mishono iliyohamishwa inavutika juu kama vijiti vilivyosimama, na nyuma yake uzi unapita, kwa hiyo kitambaa kinakuwa kinene maradufu pale pale kiatu kinaposugua. Ukikibonyeza kwa kidole gumba utaona tofauti na sehemu ya juu ya mguu. Uzi huu unafaa sana kwa kisigino cha namna hiyo. Nailoni ndiyo inayobeba msuguano, sufu inabeba joto na jasho.

Nilipofika katikati ya soksi ya pili nikakuta fundo. Kiwandani uzi ulikuwa umekatika, wakaufunga na kuendelea. Mafundo hutokea, sina ugomvi na fundo lenyewe. Tatizo ni kwamba waliunganisha bila kujali rangi: kutoka buluu, badala ya kijivu, likatokea chungwa. Kwenye uzi wa rangi moja ningekata, ningeunganisha, na kusonga mbele. Kwenye uzi wa michirizi soksi ya pili ingekuwa ya mtu mwingine kabisa. Ikabidi nifumue mizunguko sita, nikate fundo, kisha nivute uzi hadi nifike mahali ambapo buluu inaingia kijivu kama kwenye soksi ya kwanza. Mfululizo mzima wa rangi kwangu ulichukua mizunguko 34, na kipande nilichokikata ili kuzilinganisha kilikuwa na uzito wa gramu 4, yaani karibu mita 17. Kwa hilo naupunguzia alama, na sioni aibu kuwa mkali. Mtu anayenunua uzi wa michirizi ananunua mpangilio wa rangi, na mpangilio huo umekatwa.

Kufua. Lebo inaruhusu mashine kwa nyuzi joto 40, mzunguko wa sufu, bila dawa ya kung'arishia na bila mashine ya kukaushia. Nimefuata hivyo hivyo na soksi hazijajikunyata hata kidogo. Sufu ya kawaida ina magamba madogo juu ya kila unywele. Ikikutana na maji ya moto, sabuni na msuguano, magamba yanashikana na kitambaa kinajikunyata hakirudi tena. Hii imetiwa dawa ya kulainisha magamba hayo, ndiyo maana inavumilia mashine. Baada ya mafuo mengi nimeona vitonge vidogo vya nyuzi chini ya unyayo, si vingi, na kisigino bado kizima. Rangi ya chungwa imefifia kidogo kuliko nyingine.

Sasa kwenye masalio, ambako kwangu ndiko kwenye uzito wa jambo.

Jozi yangu ilikula gramu 64. Ukitoa zile 4 za fundo, zilibaki 32. Hapa ndipo ninapoipenda lebo yenye vipimo kamili: mita 420 kwa gramu 100 ni mita 4.2 kwa gramu moja, kwa hiyo gramu 32 ni mita 134. Sihitaji kuunyoosha uzi sakafuni na kuupima kwa futi kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Ila siupimi uzi siku ya unyevunyevu, maana sufu hunyonya maji hewani, inaweza kubeba karibu theluthi ya uzito wake bila kuhisi imelowa, na mizani itakudanganya.

Mita bila maelezo, hata hivyo, hazinisaidii. Nawaambia kilichonipata. Mwaka fulani nilipewa kidonge cha uzi mweupe kisicho na karatasi, nikakichanganya na uzi wangu wa kufuliwa kwa mashine katika kofia ya mistari. Kwa macho zilikuwa zinafanana, unene uleule, msokoto uleule. Kofia ilipofuliwa, mistari myeupe ilijivuta na kukaza, ile mingine ikabaki imevimba katikati kama mawimbi. Kazi ya wiki mbili. Aliyenipa hakuwa na kosa lolote, naye alikuwa amepewa hivyo hivyo.

Tangu hapo nimejifunza kuvipima vidonge visivyo na lebo. Kipande kifupi nikikichoma, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na moto unazima wenyewe, akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu. Lakini moto hauwezi kukuambia kama sufu imetiwa dawa au haikutiwa. Kwa hilo nachukua kama sentimita 30, nazisokota kiganjani kwa maji ya moto na sabuni, nasugua kwa dakika kadhaa. Zikigandana na kuwa kamba moja, najua ni sufu isiyopenda mashine. Ni kazi, na inakula uzi. Karatasi ndogo ingemaliza yote.

Ndiyo maana lalamiko langu kubwa kwa uzi huu ni lebo yake. Ina kila kitu: mchanganyiko, mita, sindano, namna ya kufua, namba ya rangi na namba ya fungu la kutiwa rangi. Lakini imechapishwa mara moja tu, kwenye karatasi laini inayochanika ukiivuta, na ruwaza iko nyuma ya yale yale maelezo. Nikimpa mwenzangu masalio pamoja na lebo, nimempa na ruwaza, mimi sina kitu. Nikibaki na lebo, anaondoka na uzi usio na jina. Ningetamani kuwe na kikaratasi cha pili pembeni, cha kuchanika, chenye mistari minne tu. Kila anayefuma soksi hubakiwa na uzi, na kiwanda kinalijua hilo.

Sisi tumejitengenezea utaratibu. Kila anayetoa masalio huandika kwenye kipande cha boksi gumu: mchanganyiko, gramu, mita, namba ya fungu, na "mashine" au "mkono". Kisha uzi unazungushwa kwenye kipande hicho hicho, ili maandishi na uzi visiachane. Mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita mama, huongeza mwezi na jina la kitu kilichofumwa, na hukataa kabisa kupokea kisicho na maandishi. "Mwanangu, huu uzi hauna ukoo," aliniambia siku moja, akanirudishia. Siku ile niliona uchungu, lakini ndiye aliyenifundisha kuandika.

Namba ya fungu la rangi msiidharau. Madonge mawili yenye namba moja ya rangi lakini mafungu tofauti yanaweza kutofautiana kiasi ambacho hukioni dukani, unakiona ukiwa umeshafika kwenye bega la sweta. Kwenye soksi za michirizi haisumbui sana, lakini anayeomba masalio yako ili amalizie kitu chake anaihitaji.

Kuhusu ruwaza tuna kanuni moja tu, na tunaishika. Zinazotolewa bure, kama hii ya ndani ya lebo, tunaambiana aliyeitoa na mahali pa kuipata. Zinazouzwa hatutoi nakala. Mwenye karatasi aliyoinunua anaweza kuiazima au kuitoa moja kwa moja, lakini kuipiga picha na kuitawanya ni kumnyang'anya aliyekaa miezi akihesabu mishono ya kila saizi na kuifumua akikosea. Idadi ya mishono 64 na kisigino nilichokieleza hapo juu si mali ya mtu, hivyo chukueni mfanye mtakavyo.

Je, nitaununua tena? Ndiyo, kwa soksi, na nitachagua wa rangi moja ili fundo likitokea lisinisumbue. Kwa mtoto mchanga ningetafuta laini zaidi. Kwa shali ya matundumatundu siupendekezi, maana msokoto huu imara haukubali kutandazwa na kubaki wazi kama sufu isiyotiwa dawa. Kwa anayefuma soksi zake za kwanza naupendekeza bila wasiwasi, mradi awe na mtu wa kumwelekeza kisigino, na aanze na sindano za mbao, kwa sababu za chuma zinateleza na uzi huu unateleza pia.

Zile gramu 4 za fundo nilizizungusha kwenye kipande cha boksi nikaziweka pamoja na soksi zenyewe, za kuziba kisigino kitakapotoboka. Gramu 32 zilikwenda kwa mwenzangu anayefuma soksi za watoto. Wiki iliyopita alinionyesha jozi ya urefu wa kidole changu cha kati: vidole buluu, kisigino kahawia, na juu pale penye mbavu, ule ukingo unaovutika, amefunga kwa kijani cha mtu wa tatu. Alikuwa amebakiwa na gramu 11. Ameziandika.