Mkanda wa tumbo baada ya operesheni: wiki 6 nilizouvaa

Mkanda wangu wa kwanza ulikuwa hasara tupu. Nikiwa na mimba ya miezi 8 niliagiza mtandaoni ule mweusi wenye kulabu mbele na vijiti ubavuni, muuzaji akiapa kwamba wiki 2 tu tumbo limekwisha. Shilingi 45,000. Nikajifungua kwa operesheni, siku ya tano nikaujaribu, ukingo wa chini ukatua juu ya mshono kabisa. Kulabu ya tatu sikuifikia.

Wa pili mume wangu aliununua Kariakoo, duka la vifaa tiba, nesi akiwa amemwelekeza: mpana, wa kuvutika, hauna kijiti, unafungwa kwa ule mnato unaolia kwaruu kama wa viatu vya watoto. Shilingi 30,000. Jipime tumbo na nyonga kwa futi ya fundi nguo, usitaje saizi ya gauni lako la zamani. Mimi wa M niliishia XL, ukashuka hadi chini ya mshono na kuufunika wote.

Nilichokipenda ni kwenye kunyanyuka. Waliopasuliwa wananielewa: unageukia ubavu, unashusha miguu, unajisukuma kwa kiwiko, halafu unahisi utumbo wote unataka kumwagika sakafuni. Ukiwa umefungwa hisia hiyo haipo. Maumivu yapo, ila kuna kitu kimeyashika. Vivyo hivyo kwenye kikohozi, chafya, na matuta ya barabarani ukiwa ndani ya bajaji kwenda kliniki. Kabla ya hapo nilikuwa nakumbatia mto kila mdogo wangu akianza vituko vyake, maana kucheka ilikuwa adhabu.

Mama alikuja kutoka Tanga na khanga zake, akautazama mkanda kwa dharau. "Mwanangu, hiki ndicho cha kukufunga wewe?" Kwetu mzazi hufungwa tumbo kwa khanga hadi arobaini, na hukandwa maji ya moto. Maji ya moto juu ya mshono nilikataa, na kwa hilo mama alinuna siku nzima. Khanga ndiyo iliyotupatanisha. Joto la Dar mwezi wa Februari, mkanda ukigusa ngozi tupu ni vipele hadi mgongoni, basi khanga kuukuu ikakaa ndani, inabadilishwa ikilowa jasho. Mama akawa anawaambia wageni kwamba ni khanga yake ndiyo iliyonifunga.

Kero zipo. Ukikaa kunyonyesha, ukingo wa juu unajikunja. Mnato unanasa nyuzi za dera, na ukiufungua usiku mtoto anashtuka. Usiku nilikuwa navua, na baada ya kula nalegeza, la sivyo kiungulia. Siku moja niliukaza ili nitoke vizuri kwenye picha. Pumzi ikawa fupi, na nilipokohoa mkojo ukanitoka kidogo. Nesi alinigombeza: "Dada, kiganja kipite kati ya mkanda na tumbo. Kisipopita umejibana, na unausukuma uzito wote chini." Aliniambia pia kwamba mshono ukitoa usaha au ukipata homa, unavua na unarudi hospitali siku hiyohiyo.

Je, tumbo lilipungua? Kwa mkanda, hapana. Jioni nikivua lilikuwa palepale, laini kama unga uliokandwa. Mji wa mimba wenyewe huchukua kama wiki 6 kurudi, uvae usivae. Wiki ya nne nilibakiza saa chache za kutembea na kufua vitu vyepesi, ya sita nikaacha.

Ufue kwa mkono, mnato ukiwa umefungwa, uanike kivulini. Ukiweza nunua miwili, kwa sababu mmoja ukiwa kambani unabaki na mto wako.

Wifi yangu ameshauazima na khanga juu yake. Ule wa kulabu nilimpa bure, akaurudisha.