Kichina huko China: darasa la chini au la juu?

Vijana wa Lubumbashi wanaokwenda China huuliza: baada ya jaribio la kupanga madarasa, nikae ngazi ya chini au niombe ya juu?

Kwa karo, tofauti ni ndogo. Gharama ya kweli ni muda. Mwenye ufadhili wa mwaka mmoja wa lugha, anayedaiwa HSK 4 (ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina) ndipo aingie fakalte, asirudie salamu anazozijua tayari. Huyo apande, hata akihema.

Ila kwenye msingi, darasa la chini linashinda, tena kwa mbali. Toni nne za Kichina (sauti inavyopanda na kushuka katika neno) zikikaa vibaya mdomoni, kuzinyoosha baadaye ni kazi kubwa mno. Na wengi wetu tunaanzia kwenye simu: tunasoma pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini), maandishi yenyewe ya Kichina hatuyaandiki. Ukisuasua kuyasoma, kubali kushuka, wala si aibu. Anayetaka kuelewana na Wachina migodini Kolwezi, mimi namshauri aanzie huko chini, sikio lizoee kwanza.

Darasa la juu linadai kujisomea kila usiku. Vyuo vingi huruhusu kuhama darasa mwanzoni mwa muhula, basi keti katika yote mawili kabla orodha haijafungwa.