Razor au Pyzor kwenye SpamAssassin?

Razor na Pyzor ni programu za kuongezwa kwenye SpamAssassin, kichujio cha barua pepe taka. Zote mbili huichukua barua, huitengenezea alama (kama ya kidole) kutokana na maandishi yake, kisha huuliza seva ya pamoja kama wengine wameshairipoti kuwa taka. Razor hutoka kwa TCP, poti 2703; Pyzor kwa UDP, poti 24441. Ofisi ya Westlands, Nairobi, ambayo ruta yake inaruhusu wavuti na barua tu itazizuia poti hizo, ila haitaona kosa lolote. Pointi za taka ambazo SpamAssassin huipa barua hazitapanda, basi.

Pyzor ni nyepesi kusimamisha: isakinishe, andika `pyzor ping`, ukiona 200, seva imejibu. Razor inadai `razor-admin -create`, halafu `razor-admin -register` ukitaka kuripoti. Usumbufu huo una faida, kwa sababu Razor hupima uaminifu wa wanaoripoti. Pyzor huhesabu ripoti tu.

Kwetu hapa Pyzor ina kasoro kubwa zaidi. Kabla ya kutengeneza alama hufuta maneno ya herufi 10 na kuendelea, kisha hutupa mistari isiyofika herufi 8. Chukua barua ya mteja: “Nimeambatisha LPO.” (hati ya kuagiza bidhaa). Neno la kwanza linafutika, mstari uliobaki unatupwa, na alama inalingana na ya barua tupu, ambazo walaghai nao hutuma. Vitenzi vyetu vya Kiswahili ni virefu mno kwa kanuni hiyo. Ipunguzie `PYZOR_CHECK`, kanuni ya Pyzor, pointi kwenye `local.cf`, faili la mipangilio ya SpamAssassin; Razor iachie zake.

Amri zote ziendeshe kama mtumiaji yuleyule anayeendesha spamd, huduma ya SpamAssassin inayokagua barua. Ukitumia root (mtumiaji mkuu), mipangilio hukaa kwenye saraka ambayo spamd haiisomi. Jaribu kwa `spamassassin -D razor2,pyzor < barua.eml`.