Nimelipa laki na themanini kusomea usalama wa chakula, kuuliza sumukuvu nikaambiwa haipo kwenye topiki

Jamani hili jambo nimekaa nalo muda, nikasema niachane nalo, ila jana nimeliona tangazo la hao wa mafunzo tena kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara wa hapa Dodoma, bango lile lile, "cheti cha kimataifa kwa siku mbili", na watu wanauliza namba ya kulipia. Basi acha niseme yaliyonikuta.

Mimi napika. Nina jiko langu Ilazo na wasichana watatu, tunapeleka chakula cha mchana Mtumba kwa watu wa maofisini. Sasa kuna ofisi ilitaka kunipa oda ya kudumu, watu kama sitini kila siku, ila afisa manunuzi wao akasema leta cheti cha mafunzo ya usalama wa chakula. Nikampelekea ile karatasi ya kupima afya, ile ya bwana afya, ya choo na tifodi. Akaniambia mama, hii inaonyesha huumwi, haionyeshi kama umefundishwa. Nikaona ni kweli, sikubishana.

Ndo nikaangukia lile tangazo. Laki na themanini kwa kichwa, nikalipia mimi na msaidizi wangu mmoja, wawili tukashindwa kuwalipia. Ilikuwa kipindi kile mvua zinaishia. Ukumbi ulikuwa mzuri, chai ya saa nne ilikuwepo, hayo siwalaumu.

Siku ya kwanza mkufunzi ni kijana, suti, projekta, maneno mengi. Slaidi ya pili tu imeandikwa chakula kinasimamiwa na TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Yaani TFDA mambo ya chakula yaliondolewa kwake 2019, yakaenda TBS, shirika la viwango, yenyewe ikabaki na dawa na vifaa tiba ikaitwa TMDA, na huyu anatufundisha sisi kama vile miaka yote hiyo haijapita. Nikanyamaza. Akasema tena kwamba bila cheti cha Level 2 kisheria huruhusiwi kushika sufuria ya biashara, watu wakatishika wakaanza kuandika. Nyumbani mdogo wangu akaniangalizia, kumbe hizo Level ni mambo ya Uingereza, ya 2 ni kwa wanaoshika chakula na ya 3 ni kwa wasimamizi, na hata hukohuko sheria inataka mtu afundishwe kulingana na kazi anayofanya, haimlazimishi kuwa na hiyo karatasi. Sasa sisi wa Ilazo tunatishiwa na nini?

Hayo yote ningemsamehe. Ambalo sijamsamehe ni hili.

Mchana alipofika kwenye vitu vinavyoharibu chakula, akataja bakteria, vipande vya chupa, nywele, sabuni. Mimi nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, mwalimu, na sumukuvu je, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, maana sisi hapa karanga tunatia kwenye kila kitu, kwenye mchicha, kwenye mlenda, kwenye uji, na mahindi mimi nanunua Kibaigwa, najuaje kama ni salama? Akacheka. Akasema hilo halipo kwenye topiki, hilo ni la wakulima, halafu akaongeza mbele ya watu wote, "wewe mama ntilie hangaika kwanza na kuvaa kofia." Na siku ile nilikuwa nimevaa kilemba safi kabisa. Watu wengine wakacheka.

Naomba mnielewe kwa nini iliniuma. Mwaka 2016 hapa hapa mkoani kwetu, Chemba na Kondoa, na kule Kiteto upande wa Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu. Mwanzoni watu walisema ni ugonjwa usiojulikana, mtu macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa, anatapika, wengine walikuwa watoto. Shangazi yangu anaishi Chemba, nilikwenda kule kwenye msiba, najua ninachokisema. Kumbe ni mahindi yaliyoota ukungu. Halafu mtu anakuja kufundisha usalama wa chakula DODOMA, anachukua hela zetu, anasema hilo halipo kwenye topiki. Kama halipo hapa litakuwepo wapi? Na kuitwa mama ntilie kwa sauti ile, wakati tunaitwa mama lishe na tunalisha nusu ya mji huu.

Usiku ule nilisema sirudi. Msaidizi wangu ndo akanibembeleza, dada hela imeshatoka, twende.

Na hapa ndo nachanganyikiwa nikitaka kuwapa nyota, kwa sababu siku ya pili alikuja mama mmoja mtu mzima, mhudumu wa afya mstaafu, na nasema kwa moyo wangu wote yule mama thamani yake ni zaidi ya laki na themanini. Hakuwasha projekta. Alikuja na sufuria la wali na themomita ile ya sindano. Akatuonyesha kuanzia nyuzi 5 mpaka 60 hapo ndo vijidudu vinapozaana, kwa hiyo chakula kikae chini ya 5 au juu ya 60, na ukipika nyama katikati yake ifike 70. Akafunika wali kama tunavyofunikaga sisi, tukaendelea na mengine, baadaye akachoma sindano, ulikuwa umeshuka chini ya 60. Nikaona hotpoti zangu zinavyokaa kwenye bajaji mpaka Mtumba kwenye foleni, mwili ukasisimka. Akasema kuna vijidudu vya kwenye mchele ambavyo mbegu zake hazifi hata ukichemsha, zinaamka wali ukikaa vuguvugu, zikishatoa sumu yake hata uje kukichemsha hicho kiporo sumu haitoki. Miaka kumi na moja napika, hakuna aliyewahi kuniambia.

Wakati wa chai akanifuata mwenyewe. Akasema mwanangu, nimesikia uliuliza nini jana, njoo. Tukakaa pembeni. Akanieleza sumukuvu moto wa jikoni hauimalizi, kwa hiyo usitegemee kuchemsha, inazuiliwa kabla haijafika jikoni. Chambua karanga kwa mkono, iliyosinyaa, iliyovunjika, yenye rangi nyeusi au ukungu itupe, usimpe hata kuku. Mahindi yaanikwe juu ya turubai siyo chini kwenye udongo, yakauke mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, na yasikae stoo inayovuja. Akasema dona ni zuri kwa lishe ila mahindi yakiwa na shaka ukikoboa unapunguza kiasi cha hiyo sumu kwa sababu nyingi iko kwenye pumba. Dakika kumi na tano tu, kasimama na kikombe chake. Nilitaka kulia.

Kwa hiyo nikatoka pale nimefurahi, nikasema nitawasifia. Kumbe bado.

Cheti kikaja kwa PDF baada ya wiki kadhaa za kusumbuana. Mtihani hatukufanya, wote tumefaulu. Kichwa cha cheti: Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Neno chakula halipo popote. Afisa manunuzi kakiangalia akasema mama, hiki ni mambo ya moto, umeme, kubeba mizigo, huduma ya kwanza, mambo ya OSHA, wale wa usalama wa wafanyakazi kazini, na ile sheria yao ya 2003, na hayo nayo unayahitaji kwa ajili ya wasichana wako, lakini mimi nilikuomba cha chakula. Na ni haki yake. Vitu vitatu tofauti kabisa, kupima afya, mafunzo ya chakula, usalama wa wafanyakazi, na mimi nimelipia kimoja nimepewa karatasi ya kingine.

Nikampigia yule kijana. Akasema, "mama, cheti ni cheti." Nikamwambia nirudishieni au mnibadilishie, akasema mfumo umeshafungwa. Sasa hivi hapokei kabisa.

Oda wamepewa wengine. Nimeomba nifikiriwe robo ijayo.

Nyota? Nilitaka kutoa mbili kwa ajili ya yule mama. Halafu nikikumbuka "hangaika na kofia" natoa moja. Halafu jana asubuhi nimekaa na wasichana tunachambua karanga kwenye ungo, tukatupa karibu bakuli zima, na themomita nimeshanunua, na haya yote nimeyapata mle mle ukumbini, sasa nitasemaje hakuna nilichopata? Weka mbili. Ila usilipie mpaka wakutumie picha ya cheti kilivyoandikwa, usome kichwa chake neno kwa neno, na uulize siku ya pili anafundisha nani. Wakinirekebishia changu nitarudi hapa hapa kubadilisha.