Mwaka mzima bila priamplifaya: volyumu ya dijitali kwenye spika zenye sikio kali

Kwa zaidi ya mwaka sasa, kinachopandisha na kushusha sauti kwenye mfumo wangu wa muziki ni hesabu tu. Hesabu hiyo inafanyika ndani ya kisanduku kidogo cha kampuni ya Ujerumani, RME ADI-2 DAC FS, ambacho ni kigeuzi (DAC), yaani kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa mawimbi ya analogi. Hakuna tena priamplifaya, kile kifaa cha kurekebisha sauti kabla ya amplifaya. Waya za XLR (zenye plagi ya pini tatu) zinatoka kwenye kigeuzi hicho moja kwa moja hadi kwenye amplifaya ya nguvu, na kutoka hapo hadi kwenye spika. Nilichelewa sana kufika hapa, kwa sababu kila niliyemwuliza aliniambia volyumu ya dijitali inakula biti (tarakimu zinazobeba muziki) na muziki unabaki mifupa. Niliamini, nikaiogopa, nikatumia pesa nyingi kuikwepa.

Mimi husikiliza usiku, nyumba ikiwa imetulia, kwa sauti ya chini. Spika zangu ni za honi (faneli ya kukuza sauti), zenye sikio kali: ukizipa wati 1, kwa umbali wa mita 1 zinatoa desibeli 96. Maana yake ni kwamba sehemu ya elfu ya wati inatosha kunipa desibeli 66, na hapo mwimbaji anasikika vizuri kabisa. Amplifaya yangu ina wati 100 kwenye omu 8. Kwa hiyo karibu usiku wote inafanya kazi ambayo ni kama haifanyi kazi. Hilo ndilo lililonifundisha kuhusu volyumu, kwa sababu kosa lolote la kushusha sauti linajitokeza kwanza kwa mtu anayesikiliza chini.

Priamplifaya yangu ya zamani ilikuwa nzuri kwa kila kitu isipokuwa hapo. Ilikuwa na potenshiomita ya kawaida, yaani njia mbili za kaboni, moja ya kushoto na moja ya kulia, zinazozungushwa na mhimili mmoja. Njia hizo hazilingani sawasawa mwanzoni kabisa mwa mzunguko. Ukifungua kidogo, kushoto kunaanza kuimba wakati kulia bado kumelala. Sauti ya mwimbaji ilikuwa inakaa hatua moja upande wa kushoto wa mahali inapostahili, na ikirudi katikati tu nikipandisha hadi kiwango ambacho saa tano za usiku hakifai. Baada ya miaka vumbi nalo likaingia, kila nikigusa kitufe spika zinachakacha. Nilisafisha mara mbili. Mara ya tatu nikasema basi.

Kigeuzi cha kwanza nilichokiunganisha moja kwa moja kwenye amplifaya hakikuwa hiki cha RME. Kilikuwa kingine, cha bei kubwa, chenye volyumu ndani ya chipu na volti 4 kwenye XLR. Kushoto na kulia vikalingana siku hiyohiyo, mwimbaji akasimama katikati hata kwa sauti ya mnong'ono. Nilifurahi sana. Lakini muziki uliponyamaza nikasikia shhh nyembamba, isiyokoma, ikitoka kwenye honi zote mbili hadi kwenye kiti changu. Nikajiambia, haya, ndizo biti zinazoliwa, niliambiwa.

Zile jioni tatu zilizofuata ndizo zilizonifungua macho. Nilisimamisha muziki, nikaweka sikio karibu na honi, nikashusha volyumu hadi mwisho, nikaipandisha hadi mwisho. Ile shhh haikutikisika hata kidogo. Nikacheza faili ya ukimya mtupu, yenye sampuli (namba zinazounda wimbi) za sifuri tupu. Shhh ileile. Sasa sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri, hakuna biti ya kuliwa hapo. Nikazima amplifaya, nikachomoa waya za kigeuzi, nikaiwasha tena: shhh ikapungua sana, ikabaki ile ndogo ya amplifaya yenyewe. Kumbe kelele ilikuwa inatoka kwenye saketi ya analogi iliyo mlangoni mwa kigeuzi, baada ya hesabu zote kumalizika.

Hapo ndipo jambo lote linapokaa, na natamani mtu angenieleza hivi mapema. Volyumu ya dijitali inashusha muziki peke yake, haigusi kelele ya saketi inayokuja baada yake. Potenshiomita ya priamplifaya inashusha muziki pamoja na kelele ya kila kilicho kabla yake. Kwa hiyo swali la maana ni kwamba kati ya kigeuzi na spika kuna nguvu ya ziada kiasi gani ambayo huihitaji.

Nikachukua karatasi. Wati 100 kwenye omu 8 ni volti 28 na kidogo. Amplifaya yangu ina geini ya desibeli 29, yaani inazidisha kinachoingia takriban mara 28. Ina maana volti 1 tu inaifikisha kileleni. Kigeuzi kile kilikuwa kinaipa volti 4. Hizo ni desibeli 12 zilizokuwa hazina kazi yoyote, ambazo kila usiku nilizishusha kwa hesabu, huku kelele ya saketi ikiachwa ipite na kukuzwa mara 28. Volyumu yangu ya kawaida ilikuwa chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango cha juu kabisa cha dijitali, kwa desibeli 48. Hakuna kigeuzi kinachofurahia kuishi huko.

Ningeweza kununua vipunguzi, vile vijiti vidogo vya XLR vyenye rizista ndani vinavyochomekwa mwishoni mwa waya kabla ya amplifaya. Vipo vya desibeli 10 na vya 20, ni dawa halali kabisa, na kwa mwenye kigeuzi anachokipenda ningemshauri aanzie hapo kabla ya kubadilisha kitu kingine. Mimi nilichagua RME kwa sababu dawa hiyo imo ndani yake. Sehemu yake ya analogi ina ngazi nne za nguvu ya kutoa, zikipishana kwa desibeli 6, na zinabadilishwa na rilei, swichi ndogo za umeme. Kwenye XLR ngazi ya juu ni dBu 19 (dBu ni kipimo cha ukubwa wa volti), karibu volti 7, na ya chini ni dBu 1, ambayo ni volti 0.87. Unaweza kukiacha kichague ngazi chenyewe kadiri unavyozungusha kitufe, na utasikia rilei zikibofya tik unapovuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Au unaweza kukifunga kwenye ngazi moja. Nilikifunga kwenye ile ya chini kabisa. Volti 0.87 mara 28 ni kama volti 24.5 kwenye spika, sawa na wati 75. Na hicho ndicho kilele changu sasa, hata kitufe kikizungushwa hadi mwisho.

Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kiti, nikasimamisha muziki, nikasubiri ile shhh. Kimya. Niliinuka, nikasogea mpaka nywele zikagusa ukingo wa honi ndipo nikaipata, ndogo, ya amplifaya. Volyumu ya usiku ikapanda kutoka desibeli 48 chini ya sifuri hadi 35. Nilirudi kitini nikacheza piano ya mtu mmoja, rekodi tulivu yenye nafasi kubwa kati ya noti, na nikaisikiliza hadi mwisho bila kugusa rimoti. Zamani sikuweza. Kila noti ilipokuwa inafifia ilikuwa inazama kwenye ile shhh kabla haijaisha. Sasa inafifia hadi inapotelea yenyewe, na unasikia kanyagio la piano likiachiwa.

Kuhusu biti kuliwa, sikutaka kubaki na maneno ya kusikia, nikajaribu. Nilichukua rekodi ya biti 16, nikaishusha desibeli 48 kwenye programu ya kuhariri sauti, nikaihifadhi tena kwa biti 16 bila ditha, kisha nikaipandisha ilipokuwa. Kila biti ni kama desibeli 6, kwa hiyo nilikuwa nimefuta biti 8. Matokeo yalikuwa mabaya kweli: mkia wa noti ya piano ulisikika kama unasagwa, ukachanika vipandevipande, kisha ukakatika ghafla. Nikarudia kwa kuweka ditha, ile kelele ndogo ya makusudi inayochanganywa kabla ya kukata biti. Safari hii kulikuwa na shhh ya wazi, lakini mkia wa noti ulikuwa hai chini yake, ukifuatika hadi mbali. Kisha nikarudia mara ya tatu nikihifadhi kwa biti 24. Sikusikia tofauti yoyote na rekodi ya awali, si kwenye spika, si kwenye hedifoni.

Kwa hiyo hofu ile haikuzuliwa. Ilikuwa na msingi pale hesabu ilipofanywa kwa biti 16 na kukatwa hivihivi. Muziki wa CD, ambao ni wa biti 16, ukiwa ndani ya njia ya biti 24 una biti 8 tupu chini yake, desibeli 48 za kushuka kabla hesabu haijaanza kugusa chochote cha maana. Mimi nashuka 35. Na kelele ya analogi ya kigeuzi chochote, hata kilicho bora, iko juu zaidi ya biti ya 24, kwa hiyo kinachoweza kupotea huko chini kilikuwa tayari kimefunikwa.

Nilifanya pia jaribio la kulinganisha na priamplifaya ya zamani, rafiki akibadilisha waya mimi nikiwa nimegeukia ukuta. Jambo moja kwa atakayejaribu: linganisheni volti kwenye vituo vya spika kwa multimita, na mtumie toni ya hezi 100 hivi, maana multimita nyingi za kawaida zinadanganya kwenye toni za juu. Tofauti ndogo ya ukubwa wa sauti sikio huisikia kama tofauti ya ubora. Kwa sauti ya usiku nilikitambua kila kifaa mara moja, lakini kwa sababu ya yule mwimbaji aliyehamia kushoto. Tulipopandisha hadi potenshiomita ilipolingana pande zote, nilipatia mara 9 kati ya 16. Huko ni kubahatisha. Sikuiuza priamplifaya kwa hasira baada ya hapo, niliiuza kwa sababu haikuwa na kazi.

Sasa hatari, na hili nalisema kwa uzito. Kabla ya RME, wakati wa kile kigeuzi cha volti 4, programu ya kucheza muziki ilijisasisha ikarudisha kitelezi chake cha volyumu hadi asilimia 100 bila kuniambia. Nilibonyeza kucheza. Sauti iliyotoka sitaisahau, na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kulia iliungua kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi. Bila priamplifaya hakuna breki ya pili. Ndiyo maana siku hizi programu ya kompyuta naiacha ipeleke data ilivyo, volyumu iko mahali pamoja tu, kwenye kigeuzi, na kigeuzi chenyewe kimefungwa kwenye ngazi ya chini. Ajali ileile ikitokea leo itanishtua, ila itagonga dari ya wati 75, si amplifaya iliyosukumwa mara nne ya uwezo wake hadi ikakata mawimbi.

Kuna faida moja ambayo sikuitarajia. Rekodi nyingi za kisasa zimebanwa hadi zinagusa sifuri, na kilele halisi cha wimbi huangukia kati ya sampuli mbili, juu ya sifuri. Kigeuzi kisicho na nafasi ya ziada hukata kilele hicho. Ukishusha volyumu kwa hesabu kabla ya kichujio cha kigeuzi, kile kinachojenga wimbi kutoka kwenye sampuli, hata kwa desibeli 3 au 4, unakipa kilele cha wimbi nafasi ya kupita. Volyumu ya analogi iliyo baadaye haiwezi kurekebisha kilichokwisha kukatwa.

Lakini kinachonifanya nisiwaze kurudi nyuma ni kipengele kinachoitwa Loudness. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio letu linapoteza besi kwa kasi kuliko sauti za kati, na za juu kabisa nazo zinafifia. Kisanduku hiki kinajua volyumu iko wapi kwa sababu ndicho kinachoihesabu, kwa hiyo kinaweza kuongeza besi na trebo kidogo kidogo unaposhusha, na kuziondoa kidogo kidogo unapopandisha. Nimekiwekea besi desibeli 6 na trebo desibeli 3. Gitaa la besi linabaki na mwili wake hata ninaposikiliza kwa sauti ambayo mtu wa chumba cha pili haisikii. Kitufe cha analogi hakiwezi kazi hiyo kwa usahihi huu. Mwongozo wake ni mnene, usomeni sura hiyo kwa utulivu, mtashukuru.

Nisingempendekezea kila mtu njia hii. Mwenye santuri na redio za analogi bado anahitaji priamplifaya, na mwenye mkusanyiko mkubwa wa DSD, aina ya faili za muziki za biti 1, ajue kwamba mkondo huo hauwezi kupunguzwa kwa hesabu bila kugeuzwa kwanza. Mwenye spika nzito za desibeli 84 na amplifaya yenye geini ndogo pengine hataisikia kabisa ile shhh iliyonisumbua, na kigeuzi chochote kizuri kitamtosha.

Mimi nimekaa na mipangilio ileile kwa miezi mingi: XLR, ngazi ya dBu 1, volyumu 35 chini ya sifuri usiku, 20 hivi mchana. Twita mpya ya kulia bado ni nzima.